Nilivyojifanya Kapera ili Nimwone Mke Wangu

Jumapili, 2 Agosti 1987

Syombua amepiga simu. Mke wangu wa halali, wa kanisani, wa Desemba iliyopita, keki na yote! Yeye ni muuguzi huko Minnesota, Amerika, na ni raia wa huko tangu zamani. Mimi ni mfuga nyuki wa Matinyani na raia wa Matinyani. Baada ya harusi tulikaa pamoja wiki chache tu, akarudi kazini. Viza yangu ya ndoa, ile ya kwenda kuishi naye, bado inatembea kwenye meza za wakubwa. Inatembea polepole. Nafikiri inapumzika njiani.

Simu iko dukani kwa shemeji yangu Mutie, kaka yake Syombua. Hakuna simu nyingine sokoni. Nikiongea, Mutie hutoka nje kwa heshima, kisha husimama dirishani. Leo mke wangu alisema jambo la kusikitisha na Mutie akaguna kabla yangu.

Jambo lenyewe: mtoto anazaliwa mwisho wa Septemba, na Syombua anaogopa kidogo. Mtoto nilimjua. Septemba nayo naijua. Lakini Syombua kuogopa, hilo ni jipya. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumfukuza nyoka jikoni kwa mwiko na kuendelea kusonga ugali. (Kwa mwiko mwingine.)

Nikamwambia nakuja. Akauliza kwa viza gani. Nikasema ya kutembea. Akasema sawa, nijaribu, lakini niwaambie ukweli wote, nisianze mambo yangu.

Mambo yangu! Mambo gani?

Jumatatu, 3 Agosti

Soko lote linajua. Mama wa nyanya ameniuliza kama ni kweli Amerika mwanamume anaingia chumba cha kuzalia. Sijui. Natamani sana kujua. Anaingia na viatu?

Mutie naye ana habari. Mteja mmoja wa Kitui mjini amemwambia kuwa mtu anayesubiri viza ya ndoa akiomba ya kutembea hukataliwa, maana wanajua akishafika harudi. Wanataka mtu mwenye mizizi nyumbani. Kisha Mutie akakohoa, akasema yeye ana duka, ana mizizi, na ni mjomba. Anaweza kwenda kumshika mtoto kwa niaba yangu.

Kwa niaba yangu! Sijala chakula cha mchana kwa hasira.

Jioni mpango ukaja wenyewe. Kama tatizo ni ndoa, basi sina ndoa! Nitakuwa kapera. Kapera tajiri, mtu wa mifugo, anayekwenda Amerika kuangalia ng'ombe wao na kurudi kwa ng'ombe wake. Shida moja ndogo: sina ng'ombe. Nina mbuzi wawili, na mmoja ni wa Mama.

Ng'ombe wa kupigwa nao picha watapatikana.

Jumatano, 5 Agosti, Makindu

Nimekuja kwa Abdinoor. Ni mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa Garissa, huteremsha ng'ombe kwa barabara ya Mombasa. Hupenda asali yangu. Nimemletea mkebe. Nikamweleza kuwa nahitaji kundi lake kwa muda wa picha moja, nisimame katikati nikionekana kuchoka na mali. Akauliza kwa nini. Nikaeleza. Akanitazama sana. Akasema, "Warya, bwana wewe, una mke mzuri na unataka kumkana kwa sababu ya ng'ombe?" Nikasema ni kwa muda tu. Akasema kundi liko Mtito Andei, niende kesho asubuhi.

Nimekula kwenye hekalu la Kalasinga. Wanalisha kila msafiri bure: chapati, dengu, chai ya maziwa. Unafunika kichwa tu, nilitumia leso. Nikamwuliza mzee mmoja wa kilemba kwa nini wanalisha watu wasiowajua. Akasema kwa sababu watu huwa na njaa. Nikauliza wao wanapata nini. Akaniongeza chapati.

Nimelifikiria jibu hilo mpaka usingizi ukanijia. Lazima kuna mpango ndani yake. Bado sijauona.

Alhamisi, 6 Agosti, Mtito Andei

Woi! Ng'ombe wamepakiwa alfajiri. Wako Mombasa sasa. Nyuma ya kituo cha petroli amebaki ngamia mmoja tu, mzee, mwenye macho ya mwalimu mkuu.

Nikajiuliza: kwani mtu wa ngamia si tajiri kuliko mtu wa ng'ombe? Nikavaa suti yangu ya harusi. Mpiga picha, ambaye kazi yake ni kuwapiga picha madereva wa malori wakiwa wameegemea malori yao, akaniambia nisogee. Nikasogea. Akasema zaidi. Nikaweka mkono shingoni mwa ngamia kama rafiki. Ngamia akafungua mdomo na kulichukua bega langu lote.

Madereva wakaja na chai zao kutazama. Mmoja akauliza kama nimewahi kula nyama ya ngamia, sasa huyu analipiza kisasi. Mwingine akauliza ndoa ni lini.

Picha imetoka safi kabisa. Mimi nimepinda kama upinde na mdomo uko wazi. Ngamia ametulia. Filamu ilikuwa ya mwisho.

Jumapili, 9 Agosti

Kapera havai pete. Pete haitoki! Nimejaribu sabuni, mafuta ya kupikia, asali. Asali ni kosa, wadudu wanaipenda mno. Nimekaa nje na kidole juu nikifukuza nyuki wangu mwenyewe.

Mwishowe nimefunga bandeji kubwa. Pete haionekani.

Mama hakucheka. Aliuliza kwa Kikamba kama naona haya kuitwa mume wa Syombua. Nikasema hapana, Mama, ni mpango tu. Akasema, "Mpango." Akaenda kukamua mbuzi. Yule wake.

Sikupenda alivyolisema neno hilo.

Jumanne, 11 Agosti, Nairobi

Naandika haraka.

Ubalozini, dirishani, alikaa mama Mmarekani mwenye miwani. Kiswahili chake safi kuliko changu! Ana adabu, anauliza taratibu. Akauliza nakwenda kufanya nini. Nikasema kuangalia ng'ombe. Akauliza wangu wako wapi. Nikampa picha.

Akaitazama. Akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena.

"Huyu ngamia ni wako?"

"Wangu kabisa, mama."

"Anaitwa nani?"

Sikujua kuwa ngamia huwa na majina! "Mutie," nikasema.

"Kwa nini anakuuma?"

"Tulikuwa tumekosana kidogo."

"Na kidole chako?"

"Ni yeye huyohuyo."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Nikaona mambo yanaenda vizuri. Kisha akasema kuwa alikulia shambani kwao na siku zote amependa kujua mambo ya wanyama. Akauliza, bila ubaya wowote, "Hivi ngamia hubeba mimba miezi mingapi?"

Nilifungua mdomo. Neno mimba likakaa pale dirishani kati yetu. Nikamwona Syombua katika nyumba ambayo sijawahi kuiona, amesimama peke yake, ameshika mgongo. Nikaisikia ile sauti yake ya kwenye simu.

"Tisa," nikasema. "Ya mke wangu inaisha mwezi ujao."

Akaweka kalamu chini.

"Mke wako?"

Nikaanza kufungua bandeji. Ilikuwa ndefu, nilikuwa nimezidisha. Watu wa foleni walikuwa wananitazama nikizungusha na kuzungusha. Mwisho pete ikatokea, imekwama mahali pake, ina asali.

Yule mama akasema kwa sauti ya chini kuwa kabla hajaandika neno lolote, nianze upya, na safari hii ngamia akae nje. Akaniambia pia kwamba mtu akikamatwa na uongo pale anaweza kujifungia milango yote, wa kutembea na wa ndoa pia, pengine maisha.

Nikasema yote. Syombua, harusi, mtoto, viza ya ndoa inayopumzika. Mpaka Mutie na dirisha lake.

"Ukienda, utarudi kusubiri viza ya ndoa hapa?"

"Nitarudi."

"Kwa nini nikuamini?"

Nikamwambia kuwa Mama yuko peke yake. Kuwa mvua za Novemba zikinyesha ni mimi ninayepanda. Kuwa mizinga yangu hakuna mwingine anayethubutu kuikaribia. Na kuwa Syombua mwenyewe amesema nikizidisha siku hata kidogo atanivuta sikio hadi uwanja wa ndege, kwa sababu hakuolewa ili aishi na mume wa kujificha chini ya kitanda.

Hapo akacheka. Akauliza mtu anarinaje asali bila kuumwa. Nikamweleza moshi, kutembea polepole, kutovaa nguo nyeusi. Nyuma yangu foleni ikaguna. Akasema anaonyeshwa picha nyingi za majumba na magari ya kuazima, lakini mtu anayeliwa na mali yake, huyo ni wa kwanza.

Amenipa. Ya kutembea! Ya muda mfupi, lakini ni yangu, imo ndani ya pasipoti, nimeifungua mara nyingi kuhakikisha haijatoka.

Nimekaa sasa kwenye benchi ya bustani nikitafakari. Bila ngamia, asingeuliza juu ya mimba. Bila mimba, nisingelia. (Nililia kidogo.) Kwa hiyo ni ngamia! Mpango ulikuwa mzuri tangu mwanzo.

Jumamosi, 12 Septemba, Minnesota

Nimefika. Mutie alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege na kuniambia nimpe mtoto jina lake. Hata akiwa msichana.

Syombua alinikumbatia kwa ubavu maana mbele hapakuwa na nafasi. Tulicheka, tukanyamaza, tukacheka tena. Tulikuwa tumesahau namna ya kuonana.

Mambo ya hapa! Jirani, mzee mmoja mweupe, anasukuma mashine ya kukata nyasi kila Jumamosi. Nikamwuliza Syombua mzee ana mnyama gani. Hana. Nyasi anapeleka wapi? Anatupa. ANATUPA! Nikakaa dirishani nikifikiria mbuzi wa Mama. Syombua alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akachukua mkono wangu akauweka hapo.

Nimepigwa teke na mtu ambaye hajazaliwa.



Jumanne, 29 Septemba

Mwanamume anaingia! Mama wa nyanya apate jibu lake: anaingia, na viatu vyake vinavalishwa mifuko.

Nilitaka kujua kila kitu. Mashine hii ni ya nini, ile ya mistari inachora nini, kwa nini daktari anapiga mluzi. Syombua akasema kwa Kikamba, kutoka kitandani, kwa meno yaliyofungwa, "Nzomo, nyamaza." Nikanyamaza. Akaniomba mkono. Nikaumwa mkono kuliko siku ya ngamia, na sikuutoa. Nilimwuliza kama bado anaogopa. Akasema ndiyo. Nikasema hata mimi. Tukaogopa pamoja, ikawa nafuu.

Msichana. Anaitwa Ndinda, jina la Mama, kama desturi inavyotaka. Mutie atavumilia.

Nilipopewa nimshike alinitazama kwa makini sana, paji la uso limekunjwa, kama mtu mwenye swali. Sikujua swali lenyewe. Nikamwambia sijui.

Jumatano, 28 Oktoba, Matinyani

Nimerudi. Kabla ya siku zangu kwisha, na kabla ya mvua.

Sitasema uongo hapa: asubuhi ya kuondoka nilikuwa na mpango mdogo wa kusahau pasipoti. Syombua alikuwa ameishika yeye. Alinipa mlangoni, akanirekebisha kola, akasema nenda ili uje vizuri. Ndinda alikuwa amelala. Nimebeba hadi leo harufu ya kichwa chake kwenye bega la suti, na sitaki ifuliwe.

Mama alishika picha ya mtoto kwa mikono miwili, akasema yeye mwenyewe alikuwa mzuri hivyo hivyo. Kisha akalia, akaenda shambani.

Sasa habari kubwa. Wameniita! Mahojiano ya viza ya ndoa ni mwezi wa Desemba. Syombua amepiga simu kusema hakuna la kuogopa, tuna cheti, tuna mtoto, niseme ukweli tu. Nikasema ndiyo, ndiyo, ukweli.

Lakini nimefikiria. Watataka kujua kama ndoa ni ya kweli. Mtoto mmoja ni ushahidi, sikatai. Watatu je? Nani atabishana na watatu?

Muthoki wa ng'ambo ya mto ana mapacha. Nimeongea naye, amekubali niwaazime kwa picha moja, nikiwarudisha wakiwa wamekula. Leo nilikwenda wanizoee. Waliponiona tu walipiga kelele, wakanivuta masikio, mmoja akanikojolea suti. Nimefurahi sana. Mtoto wa mtu mwingine huwa na adabu. Yeyote atakayewaona atajua mara moja kuwa ni wangu.