Masikio Mapya ya Bwana Tak

Jumatatu, 4 Novemba

Wewe unayesoma, nakuomba kwa heshima zote: usimwambie mtu hata neno moja, hasa kwa sauti.

Mimi ni Pyo, karani mpya wa maghala hapa Gunsan, Korea. Mwisho wa mwezi, mkuu wetu, Bwana Tak, ataamua nithibitishwe kazini au nirudi kwa mama kumenya vitunguu saumu. Bwana Tak hasikii vizuri. Ndiyo maana kila akinipa kazi nainama, najibu "Sawa, mkuu," kisha namalizia chini chini: "Chura mzee." Hunituliza moyo.

Leo ametangaza kwamba ananunua vifaa vya kusikia. Nilijimwagia chai. Dada Yeo wa meza ya jirani akaniuliza mbona nimepauka, mdogo wangu, kwani nimemsema nini mzee wa watu?

Jumanne, 5 Novemba

Nimeteuliwa kumsindikiza dukani! Vipo vya aina tatu. Cha kwanza kidogo kama punje ya maharagwe, huzama tunduni, hakionekani. Hatari tupu! Cha pili hujaza sikio kama donge la wali. Cha tatu hukaa nyuma ya sikio, kikubwa, kinawaka taa ya bluu. Ukikiona, unajua unyamaze.

Nikakisifia hicho mpaka koo likakauka. Nikasema kinampa hadhi. Muuzaji akaniunga mkono: ni rahisi kukishika, tena kina zawadi yake, kitu kama kalamu. Kazi ya kalamu aliieleza kirefu. Sikusikiliza, nilikuwa nashangilia moyoni. Bwana Tak akanunua, akanipiga begani, akasema kijana nina huruma na wazee.

Alhamisi, 7 Novemba

Mpango unakwenda. Taa ikiwa sikioni, niko kimya kama samaki. Vifaa vikiwa mezani, natamka mfululizo. Hata usingizi umerudi.

Ijumaa, 8 Novemba

Chakula cha jioni cha ofisi. Yeye kichwani mwa meza, mimi mwisho kabisa. Katikati nyama inachomwa na watu wanapiga kelele. Salama! Ile kalamu kaiacha mbele yangu, kando ya kimchi, kabichi yetu ya pilipili. Uzee.

Akainua glasi. Mbele ya mkubwa hunywi ukimtazama, kwa hiyo nikageukia ukuta kwa adabu, nikanywa, nikauambia ukuta: "Chura mzee, na supu kaimaliza peke yake."

Sauti ikatoka kichwani mwa meza: "Chura anasema supu ipo. Mpelekeeni Pyo bakuli."

Dada Yeo alipaliwa. Mimi niliendelea kuutazama ukuta hadi bili ilipoletwa.

Jumatatu, 11 Novemba

Nilikwenda kwake na vitu vyangu vyote kwenye boksi. Akauliza nahamia wapi. Uamuzi ni mwisho wa mwezi, kama kawaida. Kwa sasa anataka tu kunisikia vizuri.

Pia amenifungia kijisanduku kwenye simu yangu ya mezani, eti nisipate taabu. Kina taa ya bluu. Mkarimu, yule chura!

Siri ya kalamu nimeigundua: hunasa maneno yaliyo karibu nayo na kumpelekea moja kwa moja sikioni. Nimeifungia kabatini. Sasa niko salama kabisa.

Ukinihitaji, usije ofisini, ana masikio. Nipigie simu ya mezani wakati wa chakula cha mchana, akiwa ametoka. Nitakueleza yote kumhusu, bila kuficha. Ongea wazi tu. Siku hizi laini ina kasoro ndogo: inasikika kama kuna mtu anatafuna.