Mgonjwa wa Chaneli ya Kumi na Moja

Uongozi wa Chaneli ya Kumi na Moja, mjini Bell Fork, Nebraska, uliwatangazia wananchi wote kwamba kuanzia Jumatatu mji ungeacha kucheka saa moja jioni na badala yake ungeshikwa na wasiwasi. Sababu ilikuwa ya kitaalamu. Kituo hicho cha runinga, kilichopokea vipindi vyake vingi kutoka mitandao mikubwa ya New York, kilikuwa kinahama kutoka Mtandao wa Bara, ambao saa hiyo ulirusha vichekesho, kwenda Mtandao wa Taji, ambao saa hiyo ulirusha polisi. Tangazo lilisomwa na meneja mwenyewe, Bwana Wendell Thrane, akiwa amevaa koti jipya la buluu lenye taji la dhahabu kifuani. Alisisitiza kwamba wasiwasi utakaotolewa utakuwa wa kiwango cha kitaifa.

Leona Kratochvil alilisikiliza tangazo hilo akiwa nyuma ya kamera, aproni imejaa unga. Kipindi cha mchana kilikuwa chake, tangu kituo kianze kurusha matangazo, tangu siku ambazo Thrane alikuwa bado hajamwoa binti wa mzee Pruett, mwenye kituo, na kwa hiyo alikuwa bado hajagundua kipaji chake cha uongozi. Katika Saa ya Leona watu walipata habari za ng'ombe waliopotea, bei ya mahindi, misiba, na namna ya kukanda unga wa kolache, vile vimkate vya jamu, usije ukawa mgumu kama tofali. Ijumaa mumewe, Emil, alipiga kodiani na vikongwe wakacheza polka majikoni mwao. Hakuna mtandao uliowahi kukigusa kipindi hicho, kwa kuwa huko New York hakuna aliyejua kwamba kipo.

Kwa hiyo kuhama kwa kituo hakukumtisha Leona. Kilichomsumbua ni Daktari Lionel.

Daktari Lionel alikuwa mtu wa tamthilia ya saa nane, Machozi ya Alasiri, mali ya Mtandao wa Bara. Ijumaa ya mwisho kabla ya kuhama alisukumwa ngazini na shemeji yake, akabiringika mpaka chini, akapoteza fahamu. Jumatatu, saa nane kamili, wanawake wa Bell Fork waliketi mbele ya runinga na leso zao mkononi. Wakakuta Mtandao wa Taji unawaonyesha mtu wa Kalifonia akibahatisha bei ya jokofu.

Simu za kituo zikalia mpaka msichana wa mapokezi akaenda kulala kwao. Thrane hakutetereka. Aliunda Kamati ya Mpito wa Kihisia, akajiteua mwenyekiti, na simu ya kwanza akaipokea mwenyewe. Ilitoka kwa Bi Hattie Zeleny, mjane wa barabara ya kiwanda cha maziwa.

"Amekufa au hajafa?" Bi Hattie aliuliza.

"Kitaalamu, mama, hayumo tena ndani ya eneo letu la matangazo."

"Kwa hiyo amekufa."

"Amebaki kwenye mtandao wa zamani."

Bi Hattie akataka kujua huo mtandao wa zamani unazikia watu wapi. Thrane akamshukuru kwa ushirikiano wake na kukata simu, kisha akaiarifu kamati kwamba huzuni ya wananchi inaendelea vizuri na iko ndani ya ratiba.

Jumapili padre wa kanisa la Mtakatifu Wenseslao alimwombea Daktari Lionel hadharani, baada ya figo za Bwana Kopecky na kabla ya mvua. Leona alikuwa benchi la tatu. Alitazama vichwa vilivyoinama mbele yake, vichwa vya watu aliowasomea vifo vya wazazi wao na siku za kuzaliwa za watoto wao, akaona aibu kwamba wanaachwa hivi hivi. Alikuwa na binamu yake katika jiji la Omaha, na Omaha walikuwa bado wanapata Mtandao wa Bara. Jioni ile ile akampigia simu.

Kesho yake mchana, akiwa anapondaponda plamu za jamu, aliwaeleza watazamaji kila kitu: mgonjwa amelazwa, hajafumbua macho, shemeji amekuja na maua na haijulikani ana nia gani. Siku iliyofuata akaendelea. Haikupita wiki, watu wakawa wanafunga maduka mchana. Kwa maelezo ya Bi Hattie, Leona alisimulia vizuri kuliko ile picha yenyewe, maana kwenye picha watu walikuwa wanaangaliana mno bila kusema kitu.

Thrane alimwita ofisini. Alimweleza kwa upole kwamba anachofanya ni usambazaji wa mtandao hasimu kwa njia ya mdomo, na kwamba sera ya kituo inaukataza, sera ambayo alikuwa ameitunga asubuhi hiyo.

"Basi nisiseme kitu chochote cha Bara?" Leona aliuliza.

"Hata jina."

"Na habari za binamu yangu?"

Thrane alifikiri, akasema binamu hana mtandao.

Mchana huo Leona akawaambia watu kwamba binamu yake wa Omaha ana jirani, daktari, mtu mpole sana, ambaye alisukumwa ngazini na shemeji yake. Mji mzima ulielewa. Thrane pia alisikiliza, na akaripoti kwa mkwewe kwamba agizo limetekelezwa kikamilifu.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo miaka na miaka, isipokuwa Thrane aligundua siri ya biashara yake. Mtandao haumjali meneja uliyenaye. Unamjali meneja anayetaka kuondoka. Alipokuwa anaiacha Bara, Taji walimpeleka kucheza gofu Florida na kumpiga picha na mwigizaji wa kike aliyemwita Wendy kwa makosa. Sasa kwa kuwa alikuwa mtu wao, hawakumpa hata kalenda. Kwa hiyo akaihama Taji na kwenda Mtandao wa Upeo. Koti likawa la kijani. Mji, ambao ulikuwa umeanza kuwazoea polisi, ukaarifiwa kwamba kuanzia Jumatatu saa moja jioni ungestaajabu, maana Upeo saa hiyo walirusha nyangumi.

Upeo walikuwa wadogo na wana njaa, na walikuwa na sharti moja: walitaka kila saa ya siku, mchana ukiwamo.

Thrane alimpa Leona habari hiyo kwenye korido, akitembea. Alisema kituo kinamheshimu sana, na kwamba Saa ya Leona haifutwi, inapumzishwa bila kikomo. Leona alirudi studio, akachukua mti wake wa kusukumia unga, akaufunga kwenye aproni, akatoka kwa mlango wa nyuma ambako fundi mitambo, Gus, alikuwa anavuta sigara. Gus alivua kofia kama mtu aliyekutana na jeneza barabarani.

Nyumbani Emil alimwambia kwamba atapata nafasi ya kupumzika, kisha akaona uso wa mkewe na hakurudia tena. Majuma yaliyofuata Leona alipika kama kawaida. Lakini ilipofika saa sita alijikuta anaongea na dirisha. Anaeleza siagi inatakiwa iwe laini kiasi gani, anasita mahali ambapo angesoma matangazo, anaendelea. Emil, aliyekuwa anamsikia kutoka bandani, hakuingia ndani mpaka saa saba.

Wakati huo Thrane alikuwa amepanda ngazi nyingine ya ubingwa. Aliona kwamba kama kuuhama mtandao mmoja kunaleta gofu, kuwa tayari kuhamia mitatu kwa pamoja kutaleta makubwa zaidi. Akawaahidi Bara kwamba atarudi, akawaahidi Taji kwamba anajuta, akawaapia Upeo kwamba hatoki. Kisha akaenda Chicago kwenye mkutano mkuu wa vituo. Huko, kwa uzembe wa mtu aliyepanga viti, wawakilishi wa mitandao yote mitatu walikula chakula cha mchana meza moja. Walikuwa hawana la kuongea, wakaongelea Bell Fork. Walipofika kwenye kahawa, Chaneli ya Kumi na Moja ilikuwa haina mtandao hata mmoja.

Thrane alirudi na koti la kahawia lisilo na alama yoyote, akautangazia mji kwamba kituo kimeingia katika kipindi cha uhuru wa kimkakati. Baada ya hapo, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kurusha, Gus aliweka ile picha ya miduara na mistari ya kupimia mitambo. Ilikaa hewani kutwa nzima. Thrane aliipa jina, Subira, akaiingiza kwenye ratiba ya gazeti kama kipindi cha familia. Wapo waliosema ni nzuri kuliko nyangumi.

Mzee Pruett hakuwa miongoni mwao. Alimwambia mkwewe maneno machache, yote ya kawaida kabisa, na mchana wa siku hiyo Thrane alikuwa jikoni kwa Leona, amekaa kwenye kiti cha Emil, anakula kolache kwa hofu.

"Kituo kinakuhitaji, Bi Leona."

"Kituo ndicho kilichokutuma?"

"Baba mkwe."

Leona aliendelea kusukuma unga.

"Nitarudi," akasema. "Lakini nikirudi, mchana ni wangu, asiuguse mtu yeyote mwenye koti. Na nakwenda na watu wangu."

"Watu gani?"

"Utawaona tu."

Watu wake walikuwa Bell Fork nzima. Tangu Leona aondolewe hewani, hakuna aliyejua hali ya Daktari Lionel, na binamu wa Omaha alikuwa amenunua mbwa na kuacha kabisa kutazama runinga. Kwa hiyo Leona akaamua kwamba kama New York haitaki kumwamsha yule mtu, Bell Fork itamwuguza yenyewe, hewani, kila mchana. Kamera zikahamishiwa ukumbi wa kanisa. Kwa ajili ya sheria mgonjwa akaitwa Daktari Lyle, mtu mwingine kabisa, aliyefanana na yule wa kwanza kwa bahati mbaya. Bi Hattie akawa muuguzi mkuu. Daktari wa mifugo wa wilaya, Otto Havlik, akawa daktari wa zamu, na vifaa akaja na vya kwake, jambo lililofanya kila sindano itishe.

Hakuna aliyetaka kuwa mgonjwa. Kulala kimya mbele ya majirani, kila mchana, bila neno hata moja, watu waliona ni kudhalilishwa. Ndipo Leona alipomweleza Thrane kwamba hadithi yote inamzunguka mtu mmoja, kwamba kamera haimwachi, na kwamba nafasi hiyo inahitaji mtu mwenye haiba ya uongozi. Thrane akasema atalitafakari, huku anavua viatu.

Na kwa kweli alilala vizuri. Gazeti la wilaya lilimsifu kwa utulivu wake. Alikikata kile kipande na kukibandika mlangoni pa ofisi, akatoa agizo kwa wafanyakazi wote kwamba kinachoendelea moja kwa moja hewani kisikatishwe kwa sababu yoyote ile, hata moto.

Watu wa wilaya za jirani wakaanza kupanda mapaani kugeuza antena. Baadaye watu wa jiji la Lincoln wakageuza, baadaye Omaha. Siku moja Bwana Carlisle wa Mtandao wa Bara, mmoja wa wale wa meza ya Chicago, ambaye kipindi chenyewe alikisikia kwa watu tu, akapanda ndege, akakodi gari, akafika Bell Fork katikati ya mchana. Alionyeshwa kanisa. Akaingia ukumbini na mkoba wake, akawaona watu wamezunguka kitanda, akadhani ni mazoezi, hakujua kwamba wako hewani. Gus alimgeuzia kamera.

"Namtafuta meneja," Carlisle alisema.

Daktari Havlik alimwonyesha kitandani. "Huyu hapa. Hana fahamu."

"Pole sana. Tangu lini?"

"Watu hawakubaliani," alisema Leona.

Carlisle alivua kofia, akiamini kwamba mtu huyo anaumwa kweli, akamtazama Thrane kwa huruma. Thrane hakutikisika. Kwanza aliheshimu agizo lake mwenyewe. Pili, wilaya nne zilikuwa zinamtazama. Tatu, aliamini kwamba Leona anamtengenezea mazingira mazuri ya majadiliano.

Carlisle akasema kwamba Bara inataka kurudi, na kwamba safari hii haitaki mchana wa Bell Fork, inauomba. Ingependa kuuchukua mchana huo na kuurusha nchi nzima. Mtu yule, akasema na kushusha sauti kidogo kwa heshima ya mgonjwa, alikuwa ndiye kikwazo pekee. New York walikuwa wameapa kutofanya naye kazi tena, kwa kuwa hawajawahi kukutana na mtu mwongo na mwepesi wa kuhongwa kwa gofu kama yeye. Sasa kwa kuwa Mungu mwenyewe ameingilia kati, angeweza kuongea na nani?

Simu ya ukumbi ikalia. Bi Hattie akaipokea, akasikiliza, akaiziba kwa kiganja.

"Ni mzee Pruett. Anatazama. Anasema umeneja apewe Leona mpaka mgonjwa aamke."

Leona hakuwa amelitegemea hilo. Alijifuta mikono kwenye aproni mara mbili, akamtazama Emil, aliyekuwa pembeni na kodiani yake, na Emil akaitikia kwa kichwa. Leona akampa Carlisle mkono. Carlisle akauliza, kwa nia njema tu, kama kuna dalili zozote za mgonjwa kuamka karibuni.

Daktari Havlik alimpima Thrane mapigo, akamfunua kope moja na kuifunika. Alisema kitabibu inawezekana hata sasa hivi, lakini kwa kuwa mgonjwa ni wa wananchi wote, waulizwe wananchi. Leona akageukia kamera na kuwauliza. Simu ikaanza kulia, na Bi Hattie akawa anatangaza majibu kadiri yanavyokuja: kiwanda cha maziwa wanasema alale, shule ya msingi wanasema alale, gereji ya Kopecky wanasema alale, masista wanasema alale na watamwombea.

Ya mwisho ilitoka kwa mkewe. Naye alisema mwacheni apumzike, amechoka.

Leona alimvutia mgonjwa shuka mpaka kidevuni, akamtengenezea mto vizuri. Gus aliisogeza kamera karibu kabisa na uso wa Thrane, na hapo wilaya zote nne ziliona chozi likitoka kwenye jicho lililofumbwa, likashuka taratibu mpaka sikioni. Gazeti la kesho yake liliandika kwamba hajawahi kuigiza vizuri namna ile.