Reli Iliyonyooka ya Darasa la Pili

Jumatatu, 19 Januari
Kwa bahati, hakuna wa kunifikia. Wenzangu wamezaliwa hospitali. Mimi nimezaliwa ndani ya behewa, treni ikiwa mwendoni, kati ya Tabora na Urambo! Ndiyo maana leo Mwalimu Apolonia kaja dukani kwangu, Godlove Steshenari, hapa kisiwani, Kilindoni. Mgeni aliyekuja kutazama papa potwe baharini kamwachia treni ya kuchezea, ya betri. Kichwa na mabehewa matatu. Reli hakuna. Watoto wake wa darasa la pili hawajawahi kuona treni. Alipowaambia waichore, mmoja kaiwekea tanga. Kashawaahidi itatembea mbele ya wazazi, Jumamosi ya tarehe 31. Reli zipo Dar, tayari zimetengenezwa, kazi ni kuchagua tu. Nani achague? Mtoto wa behewa.

Jumatano, 21 Januari
Muuzaji katuma picha. Vipande vilivyonyooka, vya kona, vyembamba, vipana. Haruni, fundi redio wa jirani, kajipenyeza na rula, kapima nafasi kati ya magurudumu. Nikamwambia reli haipimwi, reli inahisiwa. Kipimo chake nimekituma kwa muuzaji ili anyamaze. Akauliza, na kona je? Nilicheka. Kona ni kazi ya dereva, anakata usukani kama nahodha. Nimeagiza vipande arobaini, vyote vimenyooka. Vinapendeza!

Jumanne, 27 Januari
Boksi limevuka na boti ya Nyamisati. Upana umekubali kabisa. Jicho langu hilo! Tumepanga reli juu ya meza ya walimu. Treni ikaenda, ikafika ukingoni, ikaanguka. Tukairudisha. Ikaanguka. Nimetafuta usukani, juu na chini. Haruni kanitazama sana. Mwalimu Apolonia kasema, "Kaka Godlove, watoto wangu wanahesabu siku kwa vidole." Bora angenitukana.

Alhamisi, 29 Januari
Muuzaji anasema kona zitapanda boti ya Jumatatu. Jumatatu! Nimeamua kuugua Jumamosi. Nilikuwa dukani nafanya mazoezi ya kukohoa, akaingia Bi Mashavu, msuka mikeka, kununua gundi. Shikamoo, marahaba, una nini. Nimemweleza yote, isipokuwa kosa langu.
"Sasa mwanangu, chombo kisichogeuka si hugeuzwa? Kalete sinia mbili za pilau."

Jumamosi, 31 Januari
Reli kutoka mlango wa darasa hadi mlingoti wa bendera. Kila mwisho sinia, chini yake kifuu cha nazi, juu yake vipande vya reli. Treni inapanda, inazimwa, watoto wanazungusha sinia, treni inarudi ilikotoka. Vigelegele! Mwalimu Apolonia kacheka mpaka kafuta machozi. Nimegawa penseli kwa darasa zima, bure. Nikasimama kuwaeleza wazazi kwamba Tabora ndivyo tunavyogeuza. Bi Mashavu kaguna. Watoto wakataka kujua treni ya kweli inaliaje. Nikalia. Haruni kasema hiyo ni honi ya boti ya Nyamisati.

Jumapili, 1 Februari
Mwalimu mkuu kapita baada ya ibada. Shule imepata mfadhili wa darubini ya kutazama nyota, nani wa kuichagua? Nimemwambia kafika penyewe: mimi nimezaliwa usiku wa kupatwa kwa mwezi.

Wewe daftari huna mdomo, basi nikwambie. Nimezaliwa Ukerewe, kisiwa kama hiki, chumbani kwa bibi, saa saba mchana. Treni sijawahi kupanda wala kuiona. Hii ya kuchezea ndiyo ya kwanza. Hata mimi nilikuwa nahesabu siku kwa vidole.