Rudisheni Ujumbe wa Makosa Uliokuwa Ukidanganya

Ndugu Watengenezaji wa Kompaila,

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa na afya njema na nafasi ya kujuta. Mimi ni mwandishi wa programu, na kwa heshima zote nalalamikia toleo lenu jipya, ambalo limeanza kusema ukweli.

Zamani mtu akisahau kufunga mabano juu kabisa ya programu, kompaila yenu, ile inayokagua tulichoandika kabla kompyuta haijakitekeleza, iliulaumu mstari wa mwisho, usio na hatia yoyote. Sasa inayaonyesha mabano yenyewe kwa kishale chekundu, na chini yake inaongeza kwa upole kwamba huenda ulisahau kufunga hapa. Madhara yake ni haya:

1. Nimepoteza cheo. Ofisini waliniita Mganga, maana ni mimi tu niliyejua kwamba ujumbe wenu ukielekeza mashariki, kosa liko magharibi. Walikuwa wakija mezani kwangu na kikombe cha chai, nami nikikunja uso, nikiguna, kisha nikitaja mstari. Siku hizi wanasoma wenyewe. Chai nakwenda kujimiminia, na siwafichi, inaniuma.

2. Meneja amegundua kuwa kosa la kutwa nzima ni la dakika moja. Ananitazama kama fundi aliyekutwa amelala chini ya gari.

3. Hili ndilo kubwa. Kila Jumapili mke wangu huenda kwa mama yake, nami hubaki nyumbani kwa udhuru usiopingika: kosa halijaonekana. Ni miaka sasa. Simchukii mama mkwe, namwogopa. Siku ya harusi alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, akasema "haya", basi. Juzi mke wangu, ambaye ni mshonaji na hajaandika programu hata moja maishani, alisimama nyuma ya kiti changu, akausoma ujumbe wenu, akaniambia nifunge mabano nikavae shati. Niliponea kwa kusingizia tumbo, na tumbo halisingiziwi mara mbili.

4. Jumapili ijayo nakwenda. Litakalonipata huko mtalijibu ninyi.

Kwa hiyo naomba uongo urudishwe, angalau mwisho wa wiki. Najua msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini kompaila haina mkwe.

Wasalimieni wote hapo kazini, hata aliyebuni kile kishale.

Wenu katika maumivu,
Mganga (mstaafu)

Tanbihi: Nilichelewa kuituma, na Jumapili imepita. Mama mkwe alifungua mlango, akanitazama kuanzia viatuni, akasema "haya". Kisha akaingia chumbani, akatoka na ndala za saizi yangu, bado zimo katika karatasi ya dukani. Alizinunua wiki ya harusi. Mke wangu anasema miaka yote hii hakuna Jumapili ambayo mama hakuuliza kama lile kosa langu limeonekana. Yafuteni malalamiko yote, isipokuwa la chai. Na mkitaka kunijibu, msinitafute Jumapili.