Kadi Niliyoikata kwa Mkasi wa Waridi

Jumanne, 10 Juni
Leo nimeweka historia. Mbele ya mkutano wa chama chetu cha bustani nimeitoa kadi yangu ya malipo ya Kimarekani, nikaikata vipande kwa mkasi wa kupogolea waridi. Nikasema kila tunaponunua mkate hapa Aachen, Ujerumani, Mmarekani anamega kipande. Makofi! Si mengi, lakini makofi. Uchaguzi wa mwenyekiti ni Jumapili. Mpinzani wangu, Bi Roswitha Lennartz, hana sera, ana keki za stroberi. Alichosema ni kwamba mkasi ni mali ya chama, niufute kabla sijaurudisha. Wivu tu.

Nyumbani mke wangu Mechthild akauliza petroli sasa tutalipia nini. Nikamwambia mapinduzi hayaulizi petroli. Akasema basi mapinduzi yaende kwa miguu.

Jumatano, 11 Juni
Nimeweka programu ya malipo ya Ulaya kwenye simu. Safi kabisa. Nimempelekea Mechthild euro moja kwa majaribio, ikafika kufumba na kufumbua. Akashukuru. Kuirudisha kakataa.

Duka la mikate halipokei simu, wala kadi ya nchi yoyote. Nikamweleza muuzaji habari za uhuru wa bara letu. Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna. Akaniambia, mzee wangu, uhuru baadaye, mikate miwili au mitatu? Nikalipa sarafu. Lakini sarafu ni za Ulaya, kwa hiyo msimamo wangu uko palepale.

Alhamisi, 12 Juni
Tumevuka kwenda Vaals, upande wa Uholanzi, kula chipsi. Kadi yangu ya benki ya Kijerumani, mashine ikaitema. Programu yangu, muuzaji haijui. Yeye ana ya Kiholanzi, nayo inataka akaunti ya benki ya kwao. Nikauliza Mjerumani na Mholanzi walipane vipi basi. Akanionyesha kwa kidole alama ya kadi ya Kimarekani mlangoni. Majirani sisi, mpaka wenyewe hauna hata geti, na bado anatupatanisha mtu wa ng'ambo!

Mechthild akatoa kadi yake ya Kimarekani polepole, kwa raha ambayo sikuipenda. Nilikula zile chipsi kwa kupinga. Mayonezi niliomba mara mbili.

Ijumaa, 13 Juni
Nimepata mbinu. Kesho ni sherehe ya kiangazi ya chama, na banda la bia ni langu. Sarafu marufuku! Watalipa kwa programu ya Ulaya, wataonja utamu wake, keshokutwa watanipa kura. Nimebandika msimbo wa kulipia, ule wa kupiga picha kwa simu, kila nguzo. Bi Lennartz akapita, akauliza dhamana ya vikombe, ile mtu anayorudishiwa akileta kikombe, nitairudishaje. Nikamjibu kwamba kiongozi hakwami kwenye vikombe.

Jumamosi, 14 Juni
Hadi alasiri, ushindi mtupu. Watu walilipa kwa simu, bia pamoja na euro mbili za dhamana ya kikombe. Kisha vikombe vikaanza kurudi.

Sarafu sina. Nilizipiga marufuku mwenyewe. Simu inanionyesha majina tu ya waliolipa, basi nikawaomba waniandikie namba zao niwarudishie. Wakagoma. Watu wetu hawa wataoga uchi ziwani mbele ya mji mzima, lakini namba ya simu! Bwana mmoja ambaye tumepakana ua miaka yote akaniuliza namba yake naitakia nini, nitaiweka wapi, na nitaifuta lini. Mama mmoja akataka kwanza haki zake kwa maandishi. Foleni ikafika kwenye rundo la mboji.

Ndipo Bi Lennartz akaja na sufuria ya sarafu za mauzo ya keki zake. Akamrudishia kila mmoja chake, huku akiwauliza hali za nyanya zao. Mimi hakunitazama hata mara moja. Hilo liliniuma sana. Nililia nyuma ya banda, nikasingizia moshi wa soseji.

Jumapili, 15 Juni
Bi Lennartz ndiye mwenyekiti. Kura ni moja kwa kila bustani, kwa kunyoosha mkono, na yetu kumbe iko kwa jina la Mechthild. Akanyoosha mkono wake kwa Lennartz bila kusita. Njiani akaniambia, Gernot, nakupenda mume wangu, lakini hata mimi nilikuwa kwenye ile foleni.

Nilipata kura moja, ya mzee Tönnies. Nikaenda kumshukuru. Akasema alikuwa anaagiza bia.

Kura ni kura. Wamenipa kazi ya kuosha vikombe, wakidhani ni adhabu. Wajinga ndio waliwao! Mwenye vikombe ndiye mwenye chama. Nimeshaagiza vibandiko vya msimbo, kila kikombe na chake, tayari kwa sherehe ijayo. Duka ni la Kimarekani, lakini bei yao nzuri, na kadi nimeazima kwa Mechthild. Yeye bado hajajua kwamba ameniazima.