Nimejimwagia Poda kwa Sababu ya Tezi

Leo nimeumbuka, tena mbele ya majirani wa parcelle nzima. Nawaandikia hivi poda bado iko masikioni.

Mnajua mimi na mume wangu tuna miaka sita ya ndoa bila mtoto. Hedhi inapotea miezi mitatu, minne. Halafu maziwa yanatoka yenyewe, yanalowesha blauzi! (Majirani waliamua nimezaa kule Yanonge nikaficha mtoto. Yanonge kwenyewe sijawahi kufika.) Mama-mkwe akasema ninameza dawa za kufunga uzazi kwa siri. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mwaka huu daktari akanipima damu. Kumbe tezi ya shingoni, thyroïde, ilikuwa mvivu. Kwa uvivu wake nikanenepa, na prolactine, homoni ya maziwa, ikapanda. Ikiwa juu hivyo, yai halikomai. Akaniandikia vidonge vya tezi, kila asubuhi kabla ya chai. Sijaruka hata siku moja. Mimi, ninayesahau sufuria motoni!

Leo nikaenda kuchukua majibu. Mtu wa maabara akanionyesha mistari miwili kwa kalamu.

"Thyroïde iko normal. Prolactine imeshuka, nayo iko normal. Félicitations, mama!"

Félicitations! Hongera kama hiyo sijaambiwa tangu nimalize shule. Na kwetu mtu akifaulu anamwagiwa poda. Basi nikavuka barabara, nikanunua kopo la poda ya watoto, nikajimwagia mwenyewe kichwani mpaka kifuani. Lote. Nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, nikiimba.

"Mama, usicheze juu ya kinga, tutaanguka!" mwenye baiskeli alilalamika.

Kitu kimoja nilisahau. Mwanamke akitoka hospitali ametapakaa poda, watu wanaelewa jambo moja tu: amejifungua. Na mimi kwa unene wangu na vitenge vipana, nani angeshangaa? Mimba kwetu haitangazwi.

Vigelegele vikaanza mwanzo wa avenue. Nikadhani wanaipongeza tezi. (Nani aliwaambia? Sikujiuliza.) Nikawapungia mkono kama waziri. Kufika nyumbani, habari imenitangulia: nakuta wanawake kumi wameshajipaka poda, na jirani yetu Mama Béa ameshika beseni jipya la kuogeshea mtoto. Mama-mkwe, anayekaa avenue ya pili, ameshafika mbio na kandambili moja mguuni. Anacheza huku analia.

"Mutoto iko wapi?"

"Mama, mutoto haiko."

"Amebaki maternité?"

"Hapana, mama. Ni prolactine njo imeshuka."

Vigelegele vikakatika.

"Prolactine njo nini?" akauliza Mama Béa.

Nikaanza kueleza. Nikiwa mweupe kama kinyago, nikawaeleza wanawake kumi habari za matiti yangu, hedhi yangu na shingo yangu. Mwenye toleka naye alikuwa bado amesimama, anasikiliza kwa makini! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama-mkwe akachukua karatasi ya majibu mkononi mwangu, akaisoma mstari kwa mstari.

"Donc, haukukuwa unakunywa dawa ya kufunga uzazi?"

"Hapana, mama. Nilikuwa mugonjwa."

"Miaka yote sita?"

"Yote."

"Na sasa?"

"Sasa nimepona. Mutoto, daktari anasema tungojee, inawezekana."

Akanitazama. Kisha akanigusa shavuni, akachota poda yangu kwa vidole, akajipaka usoni.

"Bon. Mutoto wangu amepona, na nyinyi munanyamaza? Pigeni vigelegele!"

Wakapiga. Safari hii vilikuwa vyangu kweli, nikalia bila aibu. Mama Béa akataka kuondoka na beseni lake.

"Acha hiyo beseni hapa," mama-mkwe akamwambia. "Itangojea."

Basi nimeumbuka, nakubali. Lakini atakayenicheka, aje kwanza na majibu ya tezi yake.