Nilivyolifuta Kosa kwa Kulisambaza

Jumatatu, 3 Machi
Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, usimwambie mtu hata neno. Niko kwenye majaribio ya kazi. Ijumaa Meneja ataamua: niajiriwe nipange chumba changu, au niendelee kulala kwenye kochi la Mjomba.
Kazi yenyewe: programu yetu ya maduka ina matoleo matatu tunayoyahudumia, la zamani, la kati na jipya. Kitu kilichokuwa kizima katika la zamani kikiharibika katika jipya, ninaandika kwenye jedwali kwa wekundu: kimerudi nyuma. Leo nimeandika kimoja. Printa ya risiti haikomi kutema karatasi. Meneja kauliza wekundu wa nini.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili. Kitu kinarudi nyuma iwapo tu toleo la zamani ni zima. Je, likiwa bovu vilevile? Basi hakuna kilichorudi nyuma. Ni tabia ya programu. Nimecheka chooni hadi mtu akagonga kuuliza kama nahitaji maji. Nimemwandikia Miwani, msambazaji wa matoleo, ombi ahamishie mabadiliko yale yaliyoiharibu printa kwenye matoleo ya nyuma, kwa ajili ya usawa. Kaniuliza, mdogo wangu, una uhakika? Nikasema Meneja anapenda usawa. Si uongo. Nani hapendi?

Jumatano, 5 Machi
Jedwali lote kijani! Meneja kanipiga bega. Miwani kanuna, kasema mtoto wa shule, yaani mimi, kaloga jedwali. Nimetembea kwa madaha hadi kwenye birika la chai na kurudi bila chai.

Alhamisi, 6 Machi
Mjomba kapiga simu. Duka lake linatumia toleo la zamani. Karatasi zimemfika magotini, mkewe anazizoa kwa beseni. Kaniuliza, mpwa wangu, nani kanifanyia hivi, nimvute masikio? Nimemwambia huenda ni hali ya hewa. Simu nyingine zote za ofisi zinalia.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani kaonyesha ombi langu, jina langu chini. Meneja kaamua. Siajiriwi, sifukuzwi, majaribio yanaongezwa, na niombe radhi duka kwa duka, nianze na Mjomba.
Nimeanza. Kakata simu.
Lakini wakati wa chai nimepata akili kubwa zaidi. Kitu hakiwezi kurudi nyuma kama nyuma hakuna kitu. Tufute toleo la zamani! Ombi nimeshaandika, safari hii kwa jina la Miwani.
Ukitaka kuniunga mkono, njoo ofisini kwa mlango wa nyuma, gonga taratibu, sema umeleta wino. Kwa Mjomba usiende. Kabadilisha kitasa.